Waya wa Tatu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio tuliyezoea kumwita Koili. Tangu mkewe afariki na binti zake waolewe mbali, aliishi peke yake, na siku nyingine sauti yake mwenyewe aliisikia pale tu alipokohoa.

Alasiri moja alikuwa katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akitengeneza kipima vipuri cha bei rahisi, kifaa chenye nyaya tatu cha kupimia vipande vya redio, kilichogoma kuwaka. Alibadilisha kipande kilichoungua, akakiunganisha na kompyuta, akakiandikia programu upya. Kikawaka. Hapohapo umeme ukakatika, likawa giza totoro, ikabaki ile skrini ndogo inayotumia betri.

Ili kukijaribu, alishika waya wa kwanza kwa mkono wa kushoto na wa pili kwa wa kulia. Namba ikatokea, maana mwili wa mtu hupitisha umeme kidogo. Ukikaza vidole, namba hushuka. Kisha ikatokea namba nyingine, ya waya wa tatu.

"Huo ulikuwa umegusa nini?" nilimuuliza.

"Ulikuwa umelala mezani. Nikausikia ukiburuzwa kwenye mbao, polepole, kuelekea mgongoni kwangu."

"Si ungeachia ukimbie?"

"Ndugu yangu, umeme ule hauruki hewani. Aliyeshika waya wa tatu alikuwa amenigusa na mimi. Nilikaa hivyo hivyo, nimeshikilia zangu, mpaka betri ikaisha. Namba yangu haikusogea. Ile nyingine ilikuwa inashuka, inashuka."