Bunduki Iliyoungwa Tena

Mgombea alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ofisini, kichwa kimeegemea bango lenye picha yake mwenyewe, na tundu la risasi kifuani. Mapajani alikuwa na bunduki. Haikuanguka hapo. Iliwekwa kwa adabu zote, kama mtu anavyomrudishia jirani sufuria yake.

"Usiguse kitu," Inspekta alimwambia Sajini.

"Nani ana hamu ya kumgusa huyu, afande?"

Wakati wa vita watu walimwita mgombea huyo Radi, na jina hilo hakulipata kwa kupiga soga. Mkataba wa amani ulimsamehe, ukampa suti, chama na nafasi ya kugombea ubunge. Uchaguzi wa kwanza tangu bunduki zinyamaze ulikuwa keshokutwa.

Mfagizi ndiye aliyemkuta asubuhi. Mlango haukuvunjwa. Jioni iliyotangulia magari ya kampeni yalipita mtaani yakipiga kelele kwa vipaza sauti. Hata ghala lingelipuka, mtu asingesikia.

Nje vijana wa chama walikuwa wameshajaa, karibu wote wapiganaji wake wa zamani. Kiongozi wao, pande la mtu waliyemwita Buldoza, hakuzunguka mbuyu.

"Kama serikali imemuua, uchaguzi sahau. Tunarudi msituni."

Hakuwa anatania. Inspekta alishawahi kuukimbia mji huu na godoro kichwani, mke nyuma, watoto mbele, na hakuwa tayari kukimbia tena. Lakini chozi la kumlilia marehemu hakuwa nalo. Mdogo wake alikamatwa kwenye kizuizi cha watu wa Radi, na hadi leo familia haina kaburi la kusafisha.

Kwenye maabara mtaalamu wa silaha aliigeuza bunduki chini ya taa.

"Risasi imetoka kwenye hii hii. Alama za vidole zimefutwa. Ila tazama hapa katikati."

Palikuwa na mshono wa kuchomelea, ukimalizikia kwenye vitone vitatu vidogo.

"Ilikatwa vipande viwili, kisha mtu akaiunga," alisema mtaalamu.

"Na ikafyatua?"

"Mara moja. Ya pili ingemlipukia mwenyewe usoni. Naona hakuihitaji."

Inspekta alimgeukia Sajini. "Silaha zilizosalimishwa zote zilikatwa hadharani. Vipande vilikwenda wapi?"

"Kwenye mnara wa amani, afande."

Mnara ulikuwa kwenye mzunguko wa barabara: njiwa mkubwa aliyeundwa kwa bunduki, ingawa alifanana zaidi na kuku aliyenyeshewa. Inspekta alipanda ngazi, akapitisha kidole kwenye maungio. Kila mshono ulimalizikia kwenye vitone vitatu.

Karakana ulikoundwa haikuwa mbali. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amepiga magoti mbele ya geti, cheche zikimrukia aproni. Alizima mashine, akavua miwani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Mshono huu ni wa nani?" Inspekta alimwonyesha picha.

"Wangu. Nilitumaini mngechelewa kidogo, nimalize geti la watu."

"Bunduki uliitoa wapi?"

"Kwenye rundo la vipande nilivyoletewa vya mnara. Niliitambua kwa kitako. Kina alama za meno yangu."

"Meno yako?"

"Radi alitutoa shuleni, mimi na kaka yangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kaka alijaribu kutoroka, akakamatwa. Radi akanitia bunduki ile mikononi, akasema nimpige risasi mwenyewe, la sivyo tunakufa wote wawili." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Nilimpiga. Halafu nikaing'ata ile bunduki ili nisilie kwa sauti."

Sajini aliangalia pembeni.

"Mkataba ulimsamehe," Inspekta alisema.

"Mimi sikuulizwa."

"Ulienda kumuua?"

"Nilienda na bunduki begini, nikiwa bado sijaamua. Alinikaribisha vizuri, mimi fundi wa mnara. Akaniomba kura. Nikamuuliza kama ananikumbuka. Nikamsimulia habari ya kaka. Akatabasamu lile tabasamu la kwenye mabango. Akasema, 'Binti yangu, mlikuwa wengi.'"

"Ndipo ukafyatua."

"Ndipo. Nikamrudishia kitu chake."

"Unajuta?"

"Najuta alikufa haraka."

Inspekta alitoa pingu. "Nitakupeleka mahakamani."

"Nipeleke. Aliyekataa kupelekwa ni yeye."

Kituoni Katibu wa chama alikuwa anamsubiri, jasho linamtiririka. Aliposikia habari, alimvuta Inspekta kando.

"Andika ni ujambazi. Huyu mama aingie gerezani kimya kimya. Kwa ajili ya amani, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako," alisema Inspekta. "Ndugu yangu mlimla."

Inspekta alitoka hadi kwenye ngazi za kituo, mbele ya vijana wenye mawe, akawaambia yote: shule, kaka, bunduki, meno. Hakuongeza chumvi. Alipofika kwenye jibu la Radi, Buldoza alipasua umati hadi chini ya ngazi.

"Alisema hivyo? Kwamba tulikuwa wengi?"

"Ndivyo alivyosema."

Buldoza alichukuliwa na Radi akiwa na miaka tisa. Kila mtu pale alilijua hilo, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na hesabu yake ya namna hiyo.

"Uchaguzi uendelee," alisema, akageuka.

Kesho yake gari la chama lilileta jeneza makaburini. Katibu alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akasubiri wabebaji. Vijana walikuja wote. Walisimama ng'ambo ya barabara, mikono mifukoni, na Inspekta, aliyetumwa kulinda mazishi, alisimama nao. Katibu aliita mara ya kwanza, akaita tena, akaanza kulivuta jeneza peke yake.