Mgeni wa Kitanda Namba Nne

Siku Claude alipotamka neno lake la kwanza, wodi ilinuka vumbi lililonyeshewa. Ilikuwa katikati ya Agosti, Kasulu haijaona tone la mvua tangu Mei, na migomba nyuma ya jiko la hospitali ilikuwa imejikunja majani kwa kiu. Nesi Dorcas alichungulia dirishani mara mbili, akakuta jua kali, akasema labda kuna mtu amemwaga maji uani. Hakuna aliyemwaga. Bomba lenyewe lilikuwa na siku ya tatu halitoi kitu.

Nadine hakuijali harufu. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka puani, kwa sababu asubuhi hiyo tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa chumba cha utengamao, cha kurudishia wagonjwa nguvu za viungo: mgonjwa asiyeonyesha maendeleo ndani ya siku mia na ishirini ataruhusiwa kwenda nyumbani. Ataruhusiwa! Mtu asiyeweza kugeuza shingo, anayelishwa uji kwa mpira wa puani, ambaye lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asioze mgongo, ati anaruhusiwa, kama vile alikuwa akiomba.

Claude alikuwa na siku mia na kumi na saba. Huyu kaka yake Nadine alikuwa utingo wa lori la maharage. Mwezi Aprili alianguka kutoka juu ya shehena kwenye daraja lililo katikati ya Kibondo na Kasulu, kichwa kikapiga zege, akabingirika hadi chini, akalala kando ya maji saa tatu nzima, macho wazi, kabla wanawake waliotoka shamba hawajamwona. Nadine aliahirisha mwaka wa tatu wa chuo akaja kumuuguza. Chuoni walimjua kwa mdahalo. Akishika kipaza sauti, upande wa pili walianza kutafuta maji ya kunywa. Hapa hospitalini alikuwa anabishana na ubao wa matangazo.

"Lakini ana maendeleo," alimwambia Lukmani. "Kidole je?"

Lukmani ndiye aliyekuwa mtaalamu pekee wa viungo kwa hospitali nzima. Vitanda sita vya waliopasuka vichwa, na yeye mmoja. Ndiye aliyegundua, mwezi Julai, kwamba kidole gumba cha kushoto cha Claude kinasikia. Akamfundisha: gonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Wiki tatu za kurudia. Na siku moja Nadine aliuliza, "Claude, unanisikia?" na kidole kikagonga shuka, mara moja.

"Mganga Mfawidhi anasema ni mishipa tu inarukaruka," Lukmani alijibu kwa uchovu. "Nimemwandikia. Anataka kitu kinachoonekana. Wafadhili wanakuja wiki ijayo, dada. Kidole hakipigwi picha."

Hapo ndipo Claude alipofumbua midomo.

"Hodi."

Halikuwa neno la mgonjwa. Lilikuwa safi, la mtu aliyevuta pumzi na kusimama mlangoni. Mama yao, aliyekuwa akimpaka mafuta miguuni, aliangusha kopo. Nesi Dorcas alipiga kigelegele. Na nani, kati ya watu waliokulia nyumba zenye mlango, asingejibu?

"Karibu!" walipaza sauti wote. "Karibu, Claude! Karibu, mwana wanje, mwanangu!" Na aliyepaza kuliko wote, akilia na kucheka, alikuwa Nadine.

Kifua cha Claude kilipanda, kikapanda, kikaendelea kupanda kupita mahali pumzi ya mtu inapoishia. Harufu ya mvua ikatoweka. Juu ya shuka, kidole gumba kiligonga mara mbili. Hakuna aliyekitazama.

*

Siku ya pili alikaa. Siku ya nne alisimama kati ya mabomba mawili ya maji ambayo fundi wa mtaani aliyachomelea yawe ya kushikilia. Siku ya sita alitembea mpaka chooni na kurudi, na mama yake akaanguka magoti koridoni akisali kwa sauti.

Lukmani hakusali. Alimvuta Nadine pembeni.

"Dada, mtu aliyelala miezi minne hasimami kwa siku sita. Misuli imekwisha. Nimeshika mapaja yake mwenyewe, ni ngozi na mfupa. Magoti yangekataa."

"Kwa hiyo hutaki apone?"

"Nataka. Nakwambia tu kwamba hayo magoti hayasimamishwi na misuli."

Nadine alikasirika, kwa kuwa na yeye alikuwa ameona mambo akayafukia. Claude alikuwa anaongea Kiswahili cha mtangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi, wakati kaka aliyemjua hakuwahi kumaliza sentensi bila kuchomeka Kiha au tusi la malori. Mama akimwambia jambo kwa Kirundi cha nyumbani, alitabasamu na kusubiri, kama mgeni anayesubiri kutafsiriwa. Lukmani alisema kichwa kikiumia lugha moja yaweza kupotea, hutokea, na Nadine alilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Lakini nzi je? Nzi alitua juu ya jicho la Claude, akatembea kutoka kona hadi kona, na lile jicho halikupepesa.

Kisha ikaja saa nane ya mchana mmoja, saa ya kupumzika, wodi imenyamaza na joto limelala juu ya mabati, Nadine akashtuka kutoka usingizi wa kwenye benchi na kukuta kitanda namba nne kiko tupu, akageuza shingo polepole kwa sababu kitu fulani kilimwambia asiigeuze haraka, akamwona kaka yake amesimama kwenye kitanda cha dirishani, cha Winnie, binti wa miaka kumi na sita aliyegongwa na gari mwezi Juni na ambaye tangu hapo hajasema wala kusogeza kitu, ameinama mpaka midomo imegusa sikio la yule mtoto, na ananong'ona, ananong'ona bila kuvuta pumzi, majina ya watu wote wa mle ndani, Dorcas, Lukmani, Mama Winnie, Nadine, Nadine, Nadine, na sauti iliyokuwa ikitoka haikutoka kooni bali chini zaidi, kama maji yapitayo chini ya daraja.

"Claude, unafanya nini?"

Aligeuka. Alitabasamu. "Namsalimia tu. Mtoto huyu naye mlango wake uko wazi."

*

Wafadhili walikuja na kamera. Mganga Mfawidhi, aliyekuwa hajawahi kukaa dakika kumi kwenye chumba kile, alisimama mbele ya kitanda namba nne kama aliyekitengeneza yeye. Claude alitoa hotuba. Aliishukuru hospitali, aliushukuru uongozi, alisema huduma ni za hali ya juu. Hakumtaja Lukmani. Watu walipiga makofi.

Nadine alikuwa nyuma yake. Ndiyo maana aliuona mkono wa kushoto, uliofichwa mgongoni. Kidole gumba kilikuwa kinagonga chuma cha kitanda. Mbili. Mbili. Mbili. Ngozi ya ncha ilikuwa imechubuka, na chuma kilikuwa chekundu.

Aliushika ule mkono na kuweka kidole katikati ya kiganja chake.

"Claude," alinong'ona chini ya makofi, "ni wewe unayeongea?"

Mbili.

"Uko humo ndani?"

Moja.

"Anakuumiza?"

Moja. Moja. Moja. Na huko juu, mdomo uliendelea kuwashukuru wageni.

Jioni ile alikwenda ofisini kwa Mganga Mfawidhi na kueleza kila kitu, kwa mpangilio, kama alivyozoea. Mzee yule alimsikiliza akisaini karatasi.

"Binti, ulilalamika haponi, tukakusikiliza. Sasa amepona, unalalamika amepona. Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka mumpime! Kiulizeni kidole!"

"Nimemwona akitembea. Dunia nzima itamwona." Akafunga faili. Juu yake aliandika: Amepona. "Keshokutwa anaruhusiwa."

*

Lukmani ndiye aliyempeleka Nadine kwa shangazi wa baba yake mwenyewe, Bibi Tunu, anayeuza ubani na marashi karibu na soko la Kasulu. Bibi alitoka Ujiji akiwa bi harusi. Hakuuliza juu ya dawa za hospitali. Aliuliza jambo moja tu.

"Alipopiga hodi, nani alimkaribisha?"

"Sote, bibi."

"Sauti kubwa ilikuwa ya nani?"

Nadine aliinamisha kichwa. "Yangu."

"Basi mwenyeji wake ni wewe, mjukuu wangu. Huyo ni wa njiani. Alimkuta kaka yako kando ya maji, mlango wazi, mwenye nyumba hana nguvu ya kuufunga. Akaja naye, akakaa kizingitini miezi minne. Hawa hawaingii bila kukaribishwa. Na mimi sina la kumchoma wala la kumfukiza, kwa maana hakuvunja. Msindikize mpaka alikotoka, umuage. Na usije ukasema 'karibu tena', kama mlivyozoea kusema bila kufikiri." Akamshika Nadine mkono. "Lakini ujue. Anayetembea ni yeye. Akitoka, kaka yako anarudi kitandani vilevile."

Mama yao alipoambiwa, alikataa katakata. "Anatembea, Nadine. Miezi minne nimemsafisha kama mtoto mchanga. Mwache atembee!"

"Anakujibu ukimsemesha Kirundi, mama?"

Mama aligeuka kumtazama mwanawe.

Nadine aliuchukua mkono wa kushoto wa Claude, aliyekuwa amekaa akiwatazama kwa adabu, akaweka kile kidole kwenye kiganja cha mama yake. "Kaka, sikiliza. Akitoka, utalala tena. Huenda miaka. Unataka atoke?"

Kidole kilitulia muda mrefu. Kisha kikagonga. Moja, zito, kama mtu anayeweka mzigo chini. Mama alikikunja kidole kile ndani ya ngumi yake, akalia bila sauti.

*

Siku aliyoruhusiwa walifika darajani saa nne asubuhi, kwa gari la Omary, mdogo wake Lukmani. Ukungu ulikuwa bado haujainuka bondeni. Claude alishuka mwenyewe, akatembea bega kwa bega na Nadine mpaka katikati ya daraja. Hewa ilinuka vumbi lililonyeshewa.

"Mmenichoka," alisema.

"Nimekuja kukusindikiza."

"Fikiri kwanza. Wewe ni mtu wa hoja." Aliegemea ukingo. "Nani atamsimamisha huyu? Lukmani, mmoja kwa vitanda sita? Faili limefungwa. Kitanda kimeshapewa mwingine. Mpira wa kumlishia mtaupata wapi kijijini? Vidonda vya mgongo vitamla kabla ya Krismasi. Mama yako atazeeka akimgeuza, na wewe chuo hukirudii. Mimi ndiye niliyewapa walichokitaka wote, mtu wa kusimama mbele ya kamera. Niambie nimekosea wapi."

Nadine alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kubishana, alitafuta jibu akakuta hakuna, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli, na huko kuwa kweli ndiko kulikomtia uchungu, kwamba jini la mtoni linaijua hali ya wodi ile kuliko wanaoisimamia, na ukungu ulikuwa unapanda kwenye nguzo za daraja kama kitu chenye mikono, na chini yake maji yalikuwa yanataja majina.

"Hujakosea," alisema. "Hoja zako zote ni za kweli. Kwaheri."

Yule alisubiri. Aliinamisha kichwa, sikio mbele, akingoja yale maneno mawili ambayo kila mwenyeji huyatamka. Nadine alijiuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Kwaheri ya kuonana, mwenyeji wangu," hatimaye alisema yule.

Claude alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Lukmani na Omary walimdaka. Macho yalikuwa wazi, mate yanashuka shavuni. Mama alimwinamia, akamwita kwa Kirundi.

Kidole kiligonga. Moja.

*

Walirudi naye moja kwa moja hospitalini, amelala mapajani mwa mama yake. Mganga Mfawidhi aliwakuta koridoni, mlangoni mwa chumba cha utengamao.

"Huyu faili lake linasema ametembea."

"Mtazame!" Nadine alipiga kelele. "Anatembea huyu?"

"Siwezi kumpokea mtu aliyepona. Nitawaambia nini wafadhili?"

Nadine alikuwa ameushika mkono wa kaka yake. Alikuwa anapanga maneno, safari hii yangekuwa mengi, aliposikia kiganjani: mbili. Mbili. Mbili.

"Claude? Nini?"

Kisha akainusa. Vumbi lililonyeshewa.

Alitazama ndani ya chumba. Kwenye kitanda cha dirishani, Mama Winnie alikuwa anamchana nywele binti yake. Midomo ya Winnie ilikuwa inafunguka.

"Msiitike!" Nadine alipiga ukelele. "Mama Winnie, msiit—"

"Hodi," alisema Winnie, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.

Chanuo lilianguka sakafuni. Na sauti ya Nadine ilizama, kwa sababu Mama Winnie, na Nesi Dorcas, na mfagiaji, na hata Mganga Mfawidhi mwenyewe akiwa ameinua mikono yote miwili, walipaza kwa furaha kwa pamoja:

"Karibu! Karibu, mwanetu!"

Kifua cha binti kikaanza kupanda.

Nadine aliutafuta kwa macho mkono wa kushoto wa Winnie, akautafuta na wa kulia, akatazama vidole vyote kumi juu ya blanketi. Vilikuwa vimetulia. Lukmani alikuwa amepanga kuanza naye Jumatatu, zamu yake ilikuwa haijafika. Winnie alikuwa bado hajafundishwa namna ya kusema hapana.