Kikokotoo cha Pili

Wewe ulishawahi kumfukuza mama yako mzazi kwa sababu ya kikokotoo? Binamu yangu Tupokigwe alimfukuza, hapa hapa Boko, mchana kweupe, wali ukiwa mezani.

Ilianza kama mzaha. Tupo alichomnong'oneza mama yake jikoni asubuhi, mumewe Wilbert alikirudia jioni, neno kwa neno. "Nimeota," alisema. "Mama yako ananiletea maneno ndotoni." Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaita watu wa maombi, chumvi ikamwagwa mlangoni, na mama huyo, shangazi yangu Apolonia, akapandishwa basi la Tukuyu akiwa na jina la mchawi.

"Mwanangu, mie usiku nalalaga tu," alisema kituoni. Basi.

Akafa kabla hawajapatana.

Siku ya kuhani msiba, Tupo alinipa simu yake nimtafutie picha ya marehemu. Kwenye programu zake nikaona vikokotoo viwili. Nani ana hesabu nyingi kiasi hicho? Cha pili kilikuwa na ruhusa ya kusikiliza kila kitu.

Nikamweleza. Kuna kirusi kinachojizalisha, kuna kinachofunga mafaili yako mpaka uyakomboe kwa pesa, na kuna jasusi kama huyu, anavaa sura ya kitu usichokitilia shaka. Huyu haletwi na upepo. Huwekwa na mtu anayejua namba yako ya siri.

"Anayeijua ni Wilbert tu," alinong'ona. Kisha: "Dada, kwa hiyo mama alikuwa…"

"Alikuwa analala, mdogo wangu."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile.

Nikafuta simu nzima. Namba mpya ya siri, hakuna programu ya kutoka nje ya duka rasmi la simu, ruhusa zote zikakaguliwa. Ikawa safi. Naapa ilikuwa safi.

Jumapili iliyofuata Wilbert akaingia sebuleni, amesawijika. Akaweka simu yake mezani. Ilikuwa inapokea rekodi kutoka simu ya Tupo. Ya leo.

"Mtandao huchelewaga," nikasema, kisomi kabisa.

Akabonyeza.

Sufuria iligongwa. Maji yakamiminwa. Halafu sauti ya shangazi, karibu mno: "Tupo, umekula?"

Tuligeuka. Jikoni hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa.

"Zima," Tupo akanong'ona.

"Haizimiki." Wilbert akabonyeza tena na tena. "Niliiweka mie, mke wangu. Nilitaka kujua unanisema nini. Mama hakuwa mchawi. Nilijua. Nikamwacha apande basi."