Bibi Chumvi Aomba Radhi

Kichujabahari cha Mtwara kiliomba radhi saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa kiwanda, mbele ya wafiwa. Kilikuwa mtambo wenye urefu wa ghorofa sita, unaovuta maji ya bahari, kuyasukuma kwa nguvu kwenye machujio na kulinywesha jiji zima. Kampuni ilikuwa imeupa sauti ya kikongwe na jina la Bibi Chumvi.

"Nisameheni, wanangu," mtambo ulisema. "Nimewapotezea kijana. Moyo wangu unauma."

Bahiya Nandonde, aliyesimama nyuma ya wafiwa, alikasirika. Alikuwa mwalimu wa fasihi, bingwa wa tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, na kampuni ilimwajiri aandike kila neno la Bibi. Maneno hayo ya radhi aliyaandika miaka miwili kabla kijana huyo, Nasoro, hajafa. Alipouliza ni ya nini, aliambiwa ni ya akiba tu. Naye akaandika, mpumbavu yeye, tena kwa fahari.

Nasoro Chitanda alikuwa fundi wa zamu. Kila asubuhi aliuamkia mtambo shikamoo, nao ukamwitikia marahaba. Jumanne, mgandamizo wa maji ulipopita kiasi, alitakiwa akate umeme papo hapo. Zamani king'ora kingelia, lakini kampuni ilikiondoa kwa kuwa kiliwatisha wageni. Badala yake Bibi alianza kulalamika kwamba amechoka na mgongo unamuuma. Nasoro, aliyelelewa asimkatize mkubwa akizungumza, alimpa pole, akasubiri amalize. Bomba lilipasuka kabla hajagusa swichi.

Sasa Mkurugenzi Kasimba, katika suti nyeusi, alikuwa akieleza kwamba Bibi amekiri, Bibi alichelewa kuonya, Bibi anajuta. Habari za king'ora hakuzigusa.

Miaka yote Bahiya aliwafundisha wanafunzi kwamba watu wa kale waliipa njaa miguu na kifo mikono kwa sababu mambo hayo hayakuwa na mwenyewe wa kushtakiwa. Mtambo huu una mwenyewe. Umepewa mdomo ili mwenyewe anyamaze.

Mama wa marehemu, Bi Somoe, alijifuta machozi, akainua uso kuutazama mtambo. Kwa adabu zake zote alitaka kuujibu. Kasimba aliinamisha kichwa, akingoja msamaha.

Bahiya alipenya katikati ya watu, akamshika mkono mama yule.

"Usimjibu, mama. Humo hamna mtu. Maneno hayo niliyaandika mimi, mwanao akiwa hai." Akamnyooshea Kasimba kidole. "Aliyeondoa king'ora ni yule."

Bi Somoe aligeuka taratibu. Alimtazama Kasimba kwa muda mrefu. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwa Bahiya, akamtazama naye kwa macho yale yale.

"Basi mko wawili," alisema.