Poleni na Kazi

Kilichoanza ni harufu. Januari, madirisha yote yamefungwa, barafu imeganda nje, na ukumbi wa Bi Cheryl ulinuka nyasi mbichi. Magdalene, aliyemtunza kikongwe huyo huko Sutton Coldfield, Uingereza, alinusa zulia, akanusa hata viatu vyake. Ilibaki picha ukutani: wanawake wa Romania, vitambaa vyeupe kichwani, wakigeuza nyasi juani kwa reki.

“Marehemu mume wangu aliileta,” Bi Cheryl alinong’ona. “Please, usiongee nao.”

Haya, mwambie hivyo mtu wa Meru! Magdalene na mdogo wake Kendi walilelewa na mama ambaye ukimpita mtu shambani bila salamu, kofi lilikuwa lako. Jioni, akipita na chai, Magdalene akatania: “Poleni na kazi.”

“Asante. Karibu,” ikajibu sauti, kwa Kiswahili, sikioni mwake.

“Asanteni,” akasema kabla hajafikiri.

Trei ikaanguka. Jua likamchoma kisogo, reki ilikuwa mikononi mwake, na alipojaribu kuitupa vidole havikufunguka, na mbele yake, kama kupitia dirishani, aliuona ukumbi, zulia, chai iliyomwagika, na mwanamke wa kitambaa cheupe akikimbilia mlangoni huku akilia kwa furaha.

“Atapita mtu atusalimie,” mwenzake alinong’ona bila kuinua kichwa. “Ukimkaribisha akaitika, unatoka, yeye anabaki.”

Kesho yake akaja Kendi, kutoka kwake mtaa wa Ladywood.

“Magda? Mbona hushiki simu? Aki unaniscare.” Alizunguka vyumba vyote, akarudi ukumbini, akaitazama picha na kujilazimisha kucheka. “Nyinyi hamjamwona sister yangu? Poleni na kazi.”

Magdalene aliuma ulimi. Kendi huyu, yeye Magdalene ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akampenda kuliko nafsi yake. Lakini mdomo uliofunzwa kwa kofi haukumsubiri.

“Asante. Karibu.”

Uso wa Kendi ukang’aa. Aliijua sauti hiyo.

“Asante, Magda!”

Magdalene akajikuta kwenye zulia, akitetemeka kwa baridi. Pichani, msichana mwenye jaketi ya kijani alikuwa ameinama juu ya nyasi, na jirani yake akimnong’oneza kitu.

“Kendi, pole na kazi,” Magdalene alilia, akigonga fremu kwa ngumi. “Nikaribishe! Nikaribishe, mdogo wangu!”

Kendi alimsikia. Akauma midomo mpaka damu ikamtiririka kidevuni, akaendelea kugeuza nyasi.