Mchanga Chini ya Ngozi

Mara ya tatu Omosa kushuka mto Riana kuchota mchanga, alikuwa amefika mahali pa kutotaka salamu za mtu. Jua lilikuwa linatua nyuma ya migomba ya Suneka. Ndoo mbili mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, na kila aliyekutana naye alimtupia swali lile lile: "Omosa, kwani unajenga?" Angewajibu nini? Kwamba mwanamume mzima, mwenye kazi yake katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kisii mjini, anachota mchanga ili samaki wapate pa kulala? Aliguna, akapita.

Na haki ya kununa alikuwa nayo. Lile tanki la kioo la kufugia samaki lilikuwa limemtesa miezi mitatu. Kwanza lilivuja, likalowesha kochi na zulia. Akaliziba. Halafu, kwa werevu wake mwingi, akaenda Ikonge katika shamba la majani chai la marehemu mama yake, akachimba udongo mweusi ti, akautandaza chini ya tanki ili mimea ya majini ishike mizizi. Mtu wa Ikonge akiona udongo mweusi huwa haulizi maswali. Alisahau kwamba udongo ule umekula mbolea ya dukani miaka thelathini. Siku ya pili maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mboga ya managu. Siku ya nne mimea ilioza, samaki wakaelea matumbo juu, na nyumba ikanuka hadi barabarani.

"Hiyo kitu uitupe," Kwamboka, mkewe, alimwambia huku ameziba pua kwa kanga. "Mimi na hii mimba hatuiwezi hiyo harufu."

Hakuitupa. Msimcheke. Miaka miwili nyuma, Omosa na Kwamboka walimzika mtoto wao wa kwanza, Nyaboke, akiwa na siku arobaini. Ngozi yake ilianza kukwaruza, ikawaka, ikatoka vipele vigumu, na daktari akasema ni maambukizi. Tangu hapo kila jioni Omosa alikuwa akikaa akitazama ukuta. Ni Onchiri, mwenzake wa kazini, aliyemwambia afuge samaki, atulie. Sasa Kwamboka alikuwa na mimba ya miezi saba, na Omosa alikuwa amejiwekea nadhiri ya kijinga, lakini nadhiri ni nadhiri: kabla mtoto huyu hajaja, nyumba hii itaweka kitu hai na kitaishi. Kama ameshindwa na samaki wa kidole kimoja, ataweza vipi mtoto?

Kwa hiyo mara hii alifanya kama inavyotakiwa. Aliosha mchanga maji saba mpaka ukatoa maji safi. Alichukua udongo wa chini ya miti pasipojua mbolea, akaufunika kwa ule mchanga, akapanda majani aliyong'oa kwenye chemchemi, akafunga pampu ya kuchuja maji, akasubiri mwezi mzima bila samaki hata mmoja. Mwezi mzima! Ndipo akaenda Keroka, akarudi na samaki sita wenye mikia ya rangi ndani ya mfuko wa plastiki.

Ikapendeza, jamani. Maji kama hayapo. Kila jioni akitoka kazini, hata chai hanywi. Anavuta kiti, pua kwenye kioo, macho kwa samaki mpaka aitwe kula. Kwamboka hakusogea kamwe. Alikaa zake jikoni.

Jumapili moja jirani yao Esnah akaja kuona. Mama huyu wa makamo, mwimbaji wa kanisa la Sabato, anajulikana kijiji kizima kwa jambo moja: ana jicho. Wenyewe huliita ebibiriria. Si uchawi wa kutembea usiku. Ni macho tu, mtu huzaliwa nayo. Akimkazia macho mtoto mchanga, hasa mweupe, au kiumbe kidogo chochote, vitu vidogo vilivyo karibu, punje za wimbi, vumbi, mchanga, humwendea, humganda, na humwingia. Esnah hakuficha. Akikaribia boma lenye mtoto, husimama mbali na kupaza sauti, "Funikeni mtoto, napita!" Na watu humshukuru kwa adabu hiyo.

Kwenye tanki alitupa jicho mara moja, akasema, "Kumbe ni wazuri," akageuka akanywa chai yake.

Asubuhi ya Jumatatu samaki mmoja alikuwa amekufa.

Omosa alimweka kiganjani. Alikuwa anakwaruza. Akamfuta kwa kidole, punje hazikutoka. Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akambonyeza.

Mchanga haukuwa juu ya magamba.

Ulikuwa chini yake.

Hasira ilimpanda hadi utosini. Miezi minne! Alimfuata Esnah hadi kwake, akamkuta anachambua mboga, akamwaga hasira yote. "Mama, nikikuona tena kwangu tutakosana! Mke wangu ana mimba. Unataka nini kwangu?"

Esnah aliacha mboga. "Mwanangu, punguza sauti," alinong'ona. "Unajua hapa kwetu neno kama hilo likitoka nje ya ua, kesho nyumba ya mtu ni majivu. Mimi sikuwakazia macho."

"Nani basi?"

Esnah akainamia mboga zake. Omosa akarudi akafunga mlango wa sebule yenye tanki kwa kufuli jipya, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Esnah hakuja. Hakuja mtu yeyote.

Jumatano akafa wa pili. Alhamisi, wawili kwa mpigo, ngozi zao zimejaa mchanga kama gunia. Omosa alipiga teke ndoo ya mchanga uliobaki mpaka ikapasuka, mchanga ukamrukia. Alitukana mto, akamtukana muuzaji wa Keroka, akatukana na pampu isiyo na kosa. Afadhali angefuga kuku!

Ijumaa mchana uchungu ulimshika Kwamboka, kabla ya wakati. Dada yake Nyanchoka akampeleka hospitali mjini. Omosa alipotoka kazini akapita nyumbani kuchukua begi la nguo za mtoto. Ilikuwa yapata saa moja, giza linaingia. Alibeba begi. Akafika mlangoni. Akasema, ngoja niwatupie jicho tu hawa wawili waliobaki.

Stima ikapotea.

Pampu ikanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya, pamebaki harufu ya maji na udongo mbichi. Omosa akawasha tochi ya simu, akainama, akaleta uso karibu na kioo. Samaki wawili walikuwa katikati, wametulia.

Tik...

Kitu kiligonga kioo kwa ndani. Kidogo sana.

Tik... tik...

Akakaza macho. Chini, kwenye mchanga alioosha maji saba, punje moja ilijiinua. Haikusukumwa na kitu, maji yalikuwa yamesimama. Ilipanda polepole, ikafika kwenye tumbo la samaki, ikatulia hapo. Samaki akashtuka. Punje ya pili ikainuka. Ya tatu. Halafu nyingi, kimyakimya, kama mchwa wanaotoka ardhini baada ya mvua. Samaki walijikuna kwenye majani, walijikuna kwenye kioo, na Omosa hakuweza kuondoa macho. Jasho lilimtoka.

"Omosa."

Sauti ilitoka dirishani. Ya kunong'ona.

"Omosa... funga macho."

Akayafumba. Papo hapo akasikia ndani ya tanki mchanga ukirudi chini, shaaa... kisha kimya.

Akayafungua. Punje zikaanza kuinuka.

Akayafumba tena, akaketi sakafuni na begi la mtoto kifuani.

Nje ya dirisha alisimama Esnah, leso imefunika uso wake wote. "Nilijua tangu niliposikia umefunga mlango na samaki bado wanakufa," alisema. "Niliogopa kuja, na kunyamaza pia niliogopa. Mimi mzaliwa wa Ikonge, mwanangu. Mama yako nilimjua. Alikuwa nalo jicho. Uliwahi kumwona akikutazama ukiwa mdogo?"

Omosa alikumbuka mgongo wa mama yake. Siku zote mgongo. Alimbeba mgongoni, alimlisha akiwa ameangalia kando, na watu walisema ni mwanamke mwenye haya. "Mbona hakuniambia?"

"Tuliambiwa linarithiwa na wasichana tu. Hakuwahi kufikiria wewe."

Omosa akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Nyaboke. Nilikuwa namtazama kutwa, mama. Likizo yote. Nilikaa kando ya kitanda nikimtazama tu."

Esnah alilia kule nyuma ya leso.

"Kuna dawa?"

"Mtoto akishikwa, anapakwa siagi, punje zinavutwa, ukiwahi. Macho yenyewe hayana dawa. Unageuza uso tu, mpaka ngozi ikomae. Mtu mzima halimshiki. Sijasikia hata siku moja likimshika mtu mzima."

Simu ikalia mkononi. Nyanchoka alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Shemeji, njoo! Ni msichana!"

Jinsi alivyofika hospitali hakumbuki. Suruali bado ilikuwa na mchanga wa ile ndoo ya jana, na viatu vilikwaruza kwenye sakafu ya wodi. Alipofika mlangoni, akafumba macho, akaenda akipapasa vitanda, na wagonjwa wakacheka wakidhani ni furaha.

Kwamboka akamwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi, wa moto, ananuka maziwa. Moyo wa Omosa ulijaa hadi ukauma.

"Mwangalie basi," Kwamboka akasema.

"Nimemshika."

"Nimesema umwangalie."

"Taa inaniumiza macho." Akameza mate. "Ni mweupe?"

"Mweupe pe. Kama marehemu mama yako." Kisha sauti ya mkewe ikapasuka. "Omosa, wa kwanza ulimkodolea macho kutwa. Huyu amekukosea nini?"

Angemwambia nini mbele ya wodi nzima? Machozi yalimpenya chini ya kope. Alizidi kuzibana. Siku moja atamweleza, na mkewe atamsamehe ama atamfukuza, lakini leo mtoto aishi kwanza. Alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu Nyaboke, kwamba kuna jambo amefanya sawa.

"Lakini huyu mtoto!" Nyanchoka akacheka kando yake. "Wenzake wakizaliwa wanalala. Huyu macho ndiyo hayo, hata hapepesi. Anamwangalia tu babake."

Omosa akasimama tuli.

Chini ya taya palikuwa panawasha.

Ilianza kidogo, kama nywele iliyoanguka kwenye kola. Kisha sehemu ya pili, shingoni. Alisikia vitu vidogo vikitambaa kutoka kwenye pindo la suruali, vikipanda ndani ya shati, tumboni, kifuani, bila haraka. Akakumbuka maneno ya Esnah, kwamba mtu mzima halimshiki. Punje ya kwanza ilifika chini ya taya. Ikasimama. Ikachoma.

Ikaingia.

"Shemeji, unatetemeka," Nyanchoka akasema. "Hebu nipe nimshike. Ama mrudishie mama yake, wajuane."

Kwamboka alikuwa amenyoosha mikono. Omosa alisikia kitanda kikilia alipojisogeza. Akarudi nyuma hatua moja, akamgeuza mtoto vizuri ili uso wake uwe mbali na mama yake, ukimwelekea yeye peke yake.

"Ngojeni kidogo," akasema, macho yamefumbwa. "Mwacheni aniangalie mimi."