Juzuu ya Saba

Jumamosi saa nne asubuhi, kaunta ya vifurushi pale stendi kuu ya mabasi haikuwa na pa kuweka mguu. Watu walisukumana na magunia, televisheni zilizofungwa kamba na vitanda vilivyokunjwa, huku karani akiita namba kwa sauti iliyokwisha kukauka. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke wa miaka thelathini, blauzi ya njano, sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa, na uso wa mtu aliyekuja kwa shari.

Alikuwa mkutubi wa maktaba kuu ya jimbo, dawati la kuazimana. Msomaji wa mji huu akihitaji kitabu kilichoko mji ule, yeye ndiye alikitafuta, akakifungasha na kukituma. Maktaba zilikuwa ishirini na sita, na vitabu vilisafiri kwa kubahatisha, vikibanwa kwenye buti za mabasi pamoja na vitunguu. Katoni mbili alizotuma wiki mbili nyuma hazikuwa zimefika, na leo aliapa haondoki hapo mikono mitupu.

Ndipo akaiona katoni moja, mwandiko wake mwenyewe wa kalamu nyekundu, imekumbatiwa kifuani na mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Kaka, samahani. Hiyo katoni unaipeleka wapi?"

"Kwao."

"Kwao wapi? Hiyo ni mali ya maktaba!"

"Ndiyo maana nimeibeba kama mtoto mchanga. Kwani dada wewe ni askari wa hapa?"

"Mimi ndiye niliyeituma."

Mwanamume akaishusha katoni taratibu, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Usiniambie wewe ndiye 'Ndugu Mkutubi, rejea barua yangu ya tarehe nne, ambayo hadi leo hujaijibu'?"

Mwanamke akahisi masikio yanapata moto. "Na wewe ndiye maktaba ya mlimani? Unayejibu barua kwa mstari mmoja?"

"Nilidhani ni bibi wa miaka sitini."

"Na mimi nilidhani huna mikono."

Wakaangua kicheko mpaka karani akasahau namba aliyoifikia. Mwanamume alikuwa amesafiri saa nne kuja kufuata vitabu mwenyewe, maana kusubiri kulimchosha. Walikunywa chai kibandani, akakosa basi la saa sita, akakosa na la saa nane. Alipopanda la saa kumi, alikuwa anamwita Bi Azima, naye anaitwa Mlimani, na majina hayo yakaganda.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Halo, Bi Azima wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu nilipokuazima."

"Na tarehe ya kurudisha?"

"Sikuandikiwa."

"Una maneno wewe! Haya, niambie, kile cha kilimo cha umwagiliaji unacho?"

Hivyo ndivyo walivyopendana, nusu mahaba, nusu kazi, na hakuna aliyejua nusu moja inaishia wapi. Vitabu vipo, Mlimani alikuwa akisema, ila hakuna anayejua viko wapi, wala viko njiani na nani. Wakaanza kupanga: orodha moja ya maktaba zote kwenye kompyuta, gari moja la kuzunguka wiki nzima, lebo yenye namba ya maktaba kinakokwenda kwa kila kifurushi. Bi Azima aliandika mpango, Mlimani akaukosoa, akaandika tena. Mkurugenzi, mama asiyepoteza maneno, aliusoma akiwa amesimama.

"Nawapa miezi mitatu ya majaribio. Mkianza kupoteza vitabu, tunarudi kwenye mabasi."

Miezi miwili ilikwenda kama maji. Kisha ikaja ile seti ya saikolojia ya elimu.

Ilikuwa ya nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, juzuu kumi na moja nene kama mito ya kulalia, na jimbo zima halikuwa na nyingine. Aliiazima Mlimani kwa ajili ya binti mmoja asiyeona aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa ualimu. Iliporudi, zilikuwa juzuu kumi. Ya saba haikuwemo.

"Mlimani, juzuu ya saba uliituma lini?"

"Jumanne, pamoja na zile nyingine."

"Una hakika?"

"Mpenzi, nina hakika."

Akamwamini. Lakini kesho yake simu ya dawati ililia, na sauti changamfu ikasema: "Dada, ni mimi, yule mwanafunzi wa nukta nundu. Mtihani nimemaliza! Asante kwa zile siku tatu mlizoniongezea kwenye juzuu ya saba."

Bi Azima hakuwa ameongeza hata saa moja. Alirudisha simu mahali pake na kukaa akitazama ukuta. Amenidanganya, alijisemea; na kwa nini adanganye kitu kidogo namna hii, kama hana kikubwa anachoficha? Mkurugenzi alikuwa anataka taarifa. Akaiandika jioni ile ile kwa hasira, bila kupiga simu: juzuu ya saba mara ya mwisho ilikuwa mikononi mwa maktaba ya mlimani. Siku mbili baadaye maktaba hiyo ikasimamishwa, isiazime wala isiazimishe.

Mlimani alipiga saa ya chakula cha mchana. Hakusema halo.

"Umeniandika?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Hukuniuliza!"

"Nilikuuliza. Ukasema Jumanne. Ilikuwa Ijumaa, na ushahidi umenipigia simu wenyewe."

Mlimani akashusha sauti. "Nilimwachia yule binti siku tatu. Bado alikuwa na sura mbili za kusoma. Nikaona nikikwambia utakataa, sheria zako nazijua. Lakini Ijumaa niliituma, kwa lebo mliyonipa ninyi wenyewe."

"Ningejuaje lipi ni kweli?"

"Kwa kunijua mimi," akasema, akakata simu.

Zikapita wiki tatu. Shangazi wa Bi Azima, aliyekuwa akiishi naye, alimtazama akiweka simu mezani, akiigeuza kifudifudi, akiigeuza tena.

"Hiyo simu inaumwa?"

"Nzima, shangazi."

"Basi anayeumwa ni mwingine. Kula chakula kinapoa."

Kilichomwinua ni simu ya mtu asiyemfahamu, mwalimu mmoja wa mji wa viwandani, naye haoni. "Dada, ninazo juzuu zote isipokuwa ya saba. Mada yote ya motisha imo humo, na mtihani ni baada ya wiki tatu. Hakuna namna?"

Bi Azima alitaka kusema hakuna. Badala yake akasema, "Nitaitafuta."

Jumatatu alivaa suruali ya jinzi na raba, akapanda gari la vitabu kando ya dereva, mzee aliyependa kuimba kuliko kupiga honi. Waliingia maktaba moja baada ya nyingine, wakipekua rafu, stoo, hata nyuma ya mapazia. Siku ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna.

"Mwanangu," dereva alisema wakiwa barabarani, "unatafuta kitabu au unatafuta mtu?"

"Endesha gari, mzee."

Siku ya tatu wakafika maktaba ya watoto, vyumba viwili vyenye kuta za kijani. Msaidizi wa pale alisikiliza, akakuna kichwa. "Kitabu kikubwa, kurasa nyeupe, hakina hata neno? Kile tulidhani kimeletwa watoto wakipapase. Wanakipenda mno."

Kilikuwa juu ya jamvi, kati ya dubu wa kitambaa na ngoma ya plastiki. Juzuu ya saba, nzima, haina hata kona iliyokunjika. Bi Azima alipiga magoti, akaikumbatia, machozi yakimtoka huku akicheka. Kisha akaigeuza kusoma lebo. Namba ya maktaba kuu ni ishirini na moja. Lebo ilisema kumi na mbili, namba ya maktaba ya watoto. Na wino ulikuwa mwekundu, mwandiko wake.

Alikaa pale pale chini. Kosa lilikuwa lake. Mlimani aliituma kweli, na gari likaipeleka kule kule alikoandika yeye. Na akilisema hilo, huenda mpango wote ukafa, kwa mkono wake.

"Twende," alimwambia dereva. "Kwanza kwa mwalimu, halafu mlimani."

Mwalimu aliipokea, akapitisha vidole kwenye ukurasa wa kwanza, akashusha pumzi ndefu. "Ndiyo yenyewe," alisema. Bi Azima naye akajikuta amepumua.

Saa tisa alasiri walifika juu. Mlimani alikuwa kaunta, kakonda kidogo, shati halijapigwa pasi. Akasimama.

"Imepatikana," alisema Bi Azima kabla hajaulizwa. "Ilikuwa maktaba ya watoto. Lebo niliikosea mimi. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, na kukuomba radhi."

Mlimani akajibu: "Hata mimi nilikudanganya. Ningesema ukweli siku ya kwanza, ungeitafuta kwenye vifurushi vya Ijumaa na si vya Jumanne."

"Subiri, sijamaliza." Akatoa simu, akampigia mkurugenzi mbele yake, akaeleza yote bila kuficha tarakimu.

Mkurugenzi aliuliza swali moja. "Kwa hiyo kitabu kipo?"

"Kipo, mama. Kiko kwa msomaji."

"Afadhali. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kufuta mpango, na mkono ulikuwa unagoma. Kuanzia leo lebo zichapwe na kompyuta, na kila maktaba isaini ikipokea. Hao wa mlimani nawarudisha leo. Wewe utaandika kosa lako, ukurasa mzima."

"Hata miwili, mama."

Alipokata simu, Bi Azima akaegemea kaunta. Mlimani akazunguka upande wake.

"Wiki tatu hizi nimeishi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake," alisema. "Nataka kukuoa. Sikupanga kulisema hapa, mbele ya dereva."

"Mimi sipo," alisema dereva, akijifanya kusoma gazeti.

Bi Azima alimtazama usoni. "Utaniambia ukweli hata ukijua nitakataa?"

"Nitakwambia. Na wewe utaniuliza kabla hujaandika?"

"Nitakuuliza."

"Basi?"

"Basi ndiyo, Mlimani. Ndiyo."

Wakashikana mikono juu ya kaunta, wakicheka bila sababu, kama watu waliotua mzigo njiani na bado wanauhisi mabegani. Kisha Bi Azima akampigia shangazi.

"Kitabu kimepatikana?" shangazi aliuliza.

"Kimepatikana. Na kuna mtu hapa anataka kunioa."

"Huyo aliyekukondesha? Mpe simu."

Mlimani alichomekea shati, akasimama wima, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba," sauti ikajibu, imelainika ghafla. "Mnakuja lini nikuone?"